KODI YA NYUMBA NA MSHAHARA WA MFANYAKAZI

(Maneno aliyoyasema mwanachama mmoja wa reli katika mkutano wa wafanyakazi, Riruta Satellite)



Nimeombwa niseme juu ya nyumba. Mimi si wakili, wala sikusomea mambo ya fedha. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni ya reli. Lakini kujumlisha na kutoa nilifundishwa, na jambo la leo lataka hesabu hiyo tu.

Kwanza tupatane juu ya maneno, maana watu wengi huyachanganya. Nikisema kodi, maana yangu ni fedha tunazompa mwenye ploti kila mwisho wa mwezi. Nikisema ushuru wa nyumba, maana yangu ni ile asilimia moja na nusu inayokatwa katika mshahara ili serikali ijenge nyumba. Hayo ni mambo mawili. Ushuru unazungumzwa kila mahali. Kodi haizungumzwi, na kumbe ndiyo inayotumaliza.

Ndugu zangu, ziko hesabu tatu ambazo serikali yenyewe imeziandika juu ya nyumba ya mfanyakazi. Ya kwanza ni Sh. 2,417. Ya pili ni Sh. 2,500. Ya tatu ni Sh. 3,900. Nitazieleza moja moja, nanyi mtaona kwamba hazipatani. Mambo yote niliyonayo ni hayo.

HESABU YA KWANZA: POSHO YA NYUMBA

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ni lazima ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au amlipe posho ya kutosha kupanga nyumba ya kufaa. Kwa wale wa kima cha chini, posho hiyo ni asilimia 15 ya mshahara.

Sasa tuhesabu. Mwishoni mwa mwaka 2024 kima cha chini cha kibarua wa kawaida hapa Nairobi kiliwekwa kuwa Sh. 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Asilimia 15 ya fedha hizo ni Sh. 2,417. Jumla yake yote ni Sh. 18,530. Katika jumla hiyo hukatwa ushuru wa nyumba Sh. 278, bima ya afya ya S.H.A. karibu Sh. 510, na N.S.S.F. karibu Sh. 1,112. Mtu huyu anafika nyumbani na Sh. 16,630 hivi, kama mwajiri wake anafuata sheria, na kama hakukopa dukani.

Hiyo Sh. 2,417 ndiyo serikali iliyosema yatosha kumpatia mtu nyumba ya kufaa katika mji wa Nairobi. Nami nawauliza ninyi mnaokaa Satellite, Kawangware, Congo na Kibera: kwa fedha hizo mtu anapata nini? Akibahatika anapata chumba cha mabati, futi kumi kwa kumi, choo cha watu wa ploti nzima, maji ya kununua kwa mtungi. Chumba cha mawe chenye mfereji na stima hakipati.

Posho hii haikuanguka kama mvua, iliombwa kwa taabu. Mwezi wa Julai 1939 wafanyakazi wa P.W.D. kule Mombasa waliweka chini majembe yao, na jambo kubwa walilodai ni posho ya nyumba, kwa kuwa kodi za mji zilikuwa zimepanda na mishahara imesimama. Mwezi wa Januari 1947 mji huohuo wa Mombasa uligoma wote. Watu zaidi ya 15,000 waliacha kazi, wa bandari na wa reli pamoja, na Bwana Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao. Baadaye mwaka huo Bwana Kibachia alikamatwa na kupelekwa mbali. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ikaandika kwamba mshahara wa Mwafrika ulikuwa ukihesabiwa kana kwamba hana mke wala mtoto, kitanda kimoja tu chamtosha. Ikapendekeza uhesabiwe kwa mtu mwenye jamaa.

Kwa hiyo wazee wetu walitufundisha jambo moja: kodi ni sehemu ya mshahara. Kodi ikipanda na mshahara usipande, basi mshahara umepunguzwa, hata kama karatasi ya malipo yaonyesha fedha zilezile.

HESABU YA PILI: SHERIA YA KODI

Wengi wetu hawajui kwamba Kenya ina sheria ya kuzuia kodi za nyumba. Ipo tangu mwaka 1959, nayo ni Sura ya 296. Ina baraza lake la kusikiliza mashauri ya wapangaji na wenye nyumba. Kwa nyumba iliyo chini ya sheria hiyo, mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi apendavyo. Hawezi kumtoa mpangaji bila amri ya baraza. Hawezi kumsumbua ili aondoke mwenyewe. Ni sheria nzuri.

Lakini yamhusu nani? Yahusu nyumba ambayo kodi yake ya kisheria haizidi Sh. 2,500 kwa mwezi. Na tarehe ambayo sheria huitazama ili kujua kodi ya msingi ya nyumba ya kupangisha ni Januari 1, 1981.

Ndugu zangu, mimi sikuwa nimezaliwa mwaka 1981, na wengi waliomo humu hawakuwa wamezaliwa. Mwaka ule Sh. 2,500 ilikuwa kodi ya nyumba ya bwana mkubwa. Sheria ilimfunika karani, ikamfunika fundi, ikamfunika kibarua, wote wakaingia. Bei zikapanda miaka arobaini na zaidi, mstari ukabaki palepale. Sheria yenyewe haikufutwa. Iliachwa tu, kama blanketi la mtoto mchanga ambalo mwenyewe amekuwa mtu mzima na miguu yote iko nje.

Mwaka 2021 muswada mpya wa wenye nyumba na wapangaji ulifikishwa Bungeni, wa kuziunganisha sheria za zamani na kuzifanya mpya. Bunge lile likamaliza muda wake mwaka 2022, muswada haujawa sheria.

Matokeo yake mnayaona. Mtu amelipa kodi miaka sita bila kukosa. Siku moja mtunza ploti anapita na karatasi: kuanzia mwezi ujao ongeza Sh. 500. Ukiuliza sababu, unaambiwa njia ni nyeupe. Mtu mwingine amechelewa siku nne kwa kuwa kazi ya mjengo ilisimama. Anarudi jioni, mlango umetiwa kufuli ya pili, na watoto wamekaa nje juu ya ndoo. Wale walio katika chumba cha bei ndogo bado wana haki ya kwenda mbele ya baraza, na hawajui. Wale waliopita mstari wana haki ya kesi za kawaida za korti, na kesi hizo zataka fedha.

HESABU YA TATU: NYUMBA MPYA ZA SERIKALI

Sasa naja kwenye ushuru. Ulianza kukatwa mwezi wa Julai 2023. Novemba 28 mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema haukuwekwa kwa njia ya Katiba. Serikali ikatunga sheria nyingine, Rais akaitia sahihi tarehe 19 Machi 2024. Hiyo nayo ikapingwa, na mwezi wa Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikaikubali. Mfanyakazi hutoa asilimia 1.5 na mwajiri huongeza kiasi kilekile. Hata asiyeajiriwa, kama mama mboga na mwenye mkokoteni, sheria yamtaka atoe asilimia 1.5 ya mapato yake.

Kwa yule kibarua wetu ni Sh. 278 zake na Sh. 278 za mwajiri, yaani Sh. 556 kila mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya Sh. 6,600. Hizi si fedha za serikali. Ni jasho.

Sheria yenyewe imegawa watu kwa mapato. Mwenye kupata chini ya Sh. 20,000 kwa mwezi huhesabiwa katika nyumba za jamii. Mwenye Sh. 20,000 hadi 149,000 yuko katika nyumba za bei nafuu. Tazameni: kibarua wa kima cha chini ana Sh. 18,530. Basi ndiye hasa aliyekusudiwa na nyumba za jamii.

Sitaki kusema uongo kwa sababu niko mbele ya mkutano. Nyumba zimejengwa. Mwezi wa Mei 2025 watu 1,080 walipewa funguo kule Mukuru. Walitoka katika vibanda wakaingia nyumba za mawe zenye choo ndani na maji ya mfereji. Kwa mama aliyelea watoto kando ya mtaro, hilo ni jambo kubwa, na atakayelidharau hajalala Mukuru usiku wa mvua. Chumba kidogo kabisa kule kiliwekewa malipo ya Sh. 3,900 kwa mwezi. Hiyo ndiyo hesabu ya tatu.

Na Sh. 3,900 hiyo si kodi. Ni malipo ya kununua polepole, miaka mingi, mpaka nyumba iwe yako.

HESABU TATU HAZIPATANI

Sasa ziwekeni pamoja. Serikali imesema posho ya nyumba ni Sh. 2,417. Serikali imesema itamlinda mpangaji mpaka Sh. 2,500. Na serikali ilipojenga yenyewe, kwa ardhi yake na fedha zetu, bila kutafuta faida kama mwenye ploti, ikaona nyumba ya chini kabisa haiwezi kupungua Sh. 3,900. Basi serikali imekiri kwa kalamu yake kwamba posho haitoshi, na kwamba mstari wa sheria uko chini mno. Pengo kati ya posho na nyumba hiyo ni karibu Sh. 1,500 kila mwezi, kabla ya maji, stima na nauli.

Ndugu mmoja aliniambia, “Lakini afadhali kununua kuliko kupanga.” Ni kweli kwa mwenye kazi ya kudumu. Lakini tuangalie watu wa hapa Satellite. Huyu ni kibarua wa mjengo, leo yuko Kileleshwa, mwezi ujao yuko Ruaka. Huyu ni mlinzi, mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Huyu ni mwanamke wa kazi za nyumbani kule Lavington, akifukuzwa Jumatatu hana mshahara Jumanne. Huyu anajenga kwao Kakamega au Murang'a na hataki kuzeeka Nairobi. Watu hawa hawahitaji deni la miaka mingi. Wanahitaji chumba safi, kodi ya haki, na usalama kwamba mlango hautang'olewa. Mpango wa kununua haukufanywa kwa kipimo chao.

Tena tumekwisha kuona yanayotokea. Pembeni mwa Kibera ziko ghorofa za Nyayo Highrise. Zilipojengwa, watu waliokuwa katika eneo lile waliondolewa. Wengi wao hawakuzipata zile nyumba, zikawa za watu wa mishahara mikubwa. Hapana mtu aliyekuja na bunduki kuwafukuza tena. Bei ndiyo iliyowafukuza. Nyumba ya kuuza ikiwa nzuri, mwenye fedha atainunua kwa asiye nazo, hata kama jina la kwanza kwenye karatasi lilikuwa la maskini. Nyumba ya kupangisha ya umma hubaki ya umma, na akitoka kibarua mmoja huingia kibarua mwingine.

Sisi wa reli tuna somo letu. Reli ilileta watu Nairobi, ikawajengea nyumba za landi kule Muthurwa, na baadaye Makongeni. Mwaka 2006, kazi ya treni ilipopewa kampuni ya watu binafsi, Muthurwa ikawa mali ya mfuko wa malipo ya uzeeni wa wafanyakazi wa Reli. Mwezi wa Julai 2010 wapangaji wakaanza kutolewa na nyumba nyingine zikabomolewa. Walikwenda Mahakama Kuu, Shauri Namba 65 la mwaka 2010, na tarehe 30 Agosti 2013 jaji akasema haki yao ya nyumba, iliyo katika kifungu cha 43 cha Katiba, ilivunjwa. Mwaka 2025 wakazi wa Makongeni nao walitakiwa kuhama ili mahali pao pajengwe nyumba mpya. Katika jambo la Muthurwa tukumbuke kwamba mwenye nyumba alikuwa mfuko wa wazee wetu, na wazee nao walitaka malipo yao. Hivyo mfanyakazi mstaafu alisimama upande huu, na mpangaji mfanyakazi upande ule. Ndivyo inavyokuwa nyumba ya umma ikigeuzwa mali ya kutafutia fedha: sisi kwa sisi tunagombana.

WENZETU WALIFANYA NINI

Ushuru wa nyumba si jambo jipya duniani. Mji wa Vienna, nchi ya Austria, ulianza kutoza ushuru kama huu mwaka 1923. Waliokaa katika majumba makubwa walitozwa sehemu kubwa kuliko wafanyakazi. Kufikia mwaka 1934 mji ulikuwa umejenga nyumba zaidi ya 60,000. Haukuziuza. Ulizipangisha, na kodi ikawekwa ndogo, karibu asilimia 4 ya mshahara wa mfanyakazi, kiasi cha kutunzia nyumba tu, kwa kuwa gharama ya kujenga ilikwisha kulipwa na ushuru. Mpaka leo mji ule una nyumba zake karibu 220,000, na wajukuu wa wale wafanyakazi wamo ndani.

Angalieni tofauti. Wao walilipa ushuru, nyumba ikajengwa, wakalipa kodi ndogo. Sisi tunalipa ushuru, nyumba inajengwa, kisha tunaambiwa tuinunue.

Jirani zetu wa Uganda walitunga sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, na ndani yake wakaweka kwamba kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Basi jambo hili lawezekana katika Afrika Mashariki.

NENO KWA WENYE PLOTI

Najua humu ndani wamo wenye ploti. Si wote matajiri. Yuko mama mjane mwenye vyumba sita vya mabati alivyoachiwa na mumewe, na hivyo ndivyo vinavyosomesha watoto. Atauliza, “Je, mwataka kunifunga mikono? Mabati yamepanda, misumari imepanda.” Mama ana haki. Sheria iliyoganda mwaka 1981 haimfai hata yeye. Kodi ikizuiwa kabisa, nyumba hazitengenezwi na mpya hazijengwi, na mpangaji ndiye wa kwanza kunyeshewa. Kwa hiyo sisemi kodi isipande kamwe. Nasema ipande kwa kipimo, kwa notisi, na mahali pawepo pa kusikizana. Lakini mwenye ghorofa ya vyumba themanini asijifiche nyuma ya kitambaa cha mama huyu.

TUNAYOYATAKA

Bwana Mwenyekiti, naomba chama kiyachukue mambo manne.

La kwanza: mstari wa Sh. 2,500 uondolewe, uwekwe mstari wa leo, na utazamwe upya kila kima cha chini cha mshahara kinapopandishwa, ili usilale tena miaka arobaini.

La pili: sehemu ya nyumba za jamii zinazojengwa kwa ushuru wetu iwe ya kupangisha, wala isiuzwe. Na kodi yake ihesabiwe kwa mshahara wa mpangaji. Kibarua wa Sh. 18,530 atajwe kwa kipimo chake, naye mwenye Sh. 60,000 kwa chake.

La tatu: tunapokaa na waajiri kufanya mapatano, posho ya nyumba isipite kama desturi tu. Tupeleke risiti za kodi za wanachama, tuziweke mezani, tuseme, “Sheria yasema posho ya kutosha. Hizi ndizo kodi. Je, yatosha?” Risiti hazibishani na mtu.

La nne latuhusu sisi wenyewe. Kila mwanachama adai risiti ya kodi kila mwezi na aihifadhi. Akiletewa notisi, iwe ya maandishi. Akifungiwa mlango, asipigane na mtunza ploti. Aje tawini siku hiyohiyo. Mpangaji mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Ploti nzima ikija na risiti zake, huitwa wapangaji.

Wako ndugu wanaosema tukatae ushuru kabisa. Nawaheshimu, na wana sababu zao. Lakini fedha zinakatwa hata sasa tunapozungumza, na nyumba zinapanda juu. Tukikaa mbali kwa hasira, wengine watakaa karibu na kugawana. Mimi naona afadhali tusimame mlangoni na hesabu yetu mkononi: tumelipa Sh. 278, na mwajiri amelipa Sh. 278 kwa jina letu. Basi na iwepo nyumba ambayo mtu mwenye posho ya Sh. 2,417 aweza kuingia na kulala bila hofu.

Kama serikali yaona nyumba hiyo haiwezekani kwa bei hiyo, basi na ipandishe posho. Na kama yaona posho haiwezi kupanda, basi na ishushe kodi. Lakini isituambie yote mawili hayawezekani, na huku ushuru wawezekana kila mwezi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mwenye swali na aulize, na mwenye risiti ya kodi mfukoni ampe katibu jina lake kabla hatujaondoka, ili tuanze kuandika orodha usiku huu.

Umoja ni nguvu.